Kitwitwi na Panya wa Tundra

Kaskazini kabisa mwa bara la Asia, katika nchi ya Urusi, iko rasi kubwa iitwayo Taimyr. Rasi hiyo imechomoza katika bahari ya barafu, na ncha yake ndiyo mwisho wa bara la Asia upande wa kaskazini. Mbele yake hakuna nchi kavu ila visiwa vichache, kisha ni maji na barafu mpaka ncha ya dunia. Msafiri atokaye kusini kwenda huko huona miti ikipungua kimo, kisha ikipungua wingi, hata mwisho haoni mti hata mmoja. Hapo ndipo inapoanza nchi iitwayo tundra.

Mtu asidhani ya kuwa tundra haina miti kwa sababu ni jangwa la mchanga. Sababu yake ni baridi. Ardhi ya huko imeganda, wala haikuganda kwa mwezi mmoja au mwaka mmoja, bali kwa maelfu ya miaka. Mahali pengi katika Taimyr mtu akichimba mamia ya meta chini angali ataikuta ngumu kama jiwe. Majira ya joto yakifika, udongo wa juu tu ndio uyeyukao, pengine kina cha goti, pengine kupita kidogo. Mizizi ya mti mkubwa haina pa kushika. Uko mti mmoja, ndugu zake katika Ulaya husimama warefu kando ya mito, lakini huo wa tundra hutambaa chini kama viazi vitamu shambani. Mtu mzima aweza kusimama katikati ya msitu wa namna hiyo, na matawi yasimfikie magotini.

La ajabu zaidi ni habari ya maji. Mvua na theluji inyeshayo Taimyr kwa mwaka ni chache, karibu sawa na mvua ya nchi kame. Hata hivyo wakati wa joto nchi nzima ni vidimbwi, maziwa na matope, hata kwenda kwa miguu ni taabu. Maji ya theluji iliyoyeyuka hayapati njia ya kuzama, kwa kuwa barafu iliyo chini ya udongo huyazuia kama kitako cha chungu. Basi hubaki juu, na jua huyapasha moto. Wanafunzi walikumbuke neno hili la vidimbwi, maana habari nyingi zifuatazo zimetoka humo.

Tena liko jua lenyewe. Dunia haikusimama wima katika safari yake ya kulizunguka jua, bali imeinama kidogo. Wakati ncha ya kaskazini inapoelekea jua, nchi zilizo karibu nayo hazipati usiku. Katika sehemu za kaskazini za Taimyr jua halitui tangu mwezi wa Mei hata mwanzo wa Agosti. Huzunguka mbinguni kama mlinzi azungukaye boma, mara juu kidogo, mara chini kidogo, wala halizami. Lakini deni hilo hulipwa. Tangu mwezi wa Novemba hata karibu na Februari jua halionekani kabisa, na baridi huwa kali mno.

Je, ni ndege gani apendaye kwenda kuzaa katika nchi kama hiyo? Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wanamjua, ingawa wengi wao hawajui atokako. Yuko ndege mdogo wa jamaa ya vitwitwi, mwenye miguu myeusi na mdomo mrefu uliopinda chini kidogo. Maji yakupwapo, yeye na wenziwe hukimbia juu ya matope wakidunga-dunga kutafuta vijidudu na funza. Makundi yao huonekana katika hori ya Mida karibu na Watamu, na katika matope ya milango ya mto Rufiji, na kuendelea kusini hata Rasi ya Afrika ya Kusini. Uzito wake wa kawaida ni kama gramu 60 hivi. Akiwa Afrika amevaa manyoya ya kijivu na meupe, lakini karibu na mwezi wa Aprili hubadili nguo. Kifua na tumbo huwa vyekundu kama chuma kilichopata kutu. Wakati huo huo hula sana, na mafuta hujaa chini ya ngozi yake. Kisha siku moja kundi huruka juu, wala halirudi. Toka pwani ya Kenya mpaka Taimyr, kwa njia iliyonyoka, ni zaidi ya kilometa 9,000. Karibu jamaa yote ya ndege huyu huzaliwa katika tundra ya Siberia, na hasa huko Taimyr.

Hufika mwezi wa Juni. Mara nyingi hukuta theluji ingali imetanda, na mahali peusi ni pachache tu, juu ya vilima ambako upepo umeipeperusha theluji. Mafuta aliyotoka nayo yamekwisha njiani. Zamani watu walidhani ya kuwa ndege hao hubeba toka kusini akiba ya kutengenezea mayai, kama msafiri abebavyo unga wake mfukoni. Wataalamu wakapima mayai na manyoya ya makinda, wakatangaza mwaka 2001 ya kuwa sivyo: mayai hutengenezwa kwa chakula cha tundra yenyewe. Maana yake ni kwamba kitwitwi afikaye amechoka hana budi kutafuta chakula mara moja kati ya viraka vya theluji, ale kwanza apate nguvu zake, ndipo atage. Wala si kutaga kwa mchezo. Hutaga mayai manne, na uzito wa mayai yote pamoja si mbali sana na uzito wa mama mwenyewe.

Kiota chake ni shimo dogo tu ardhini, kina cha kikombe, limetandikwa majani makavu. Mayai yana rangi ya majani mabichi na madoa meusi-meusi, hata mtu aweza kupita karibu asiyaone. Dume hakai. Mama akiisha kuanza kuatamia, baba huondoka, na mapema mwezi wa Julai madume wengi wamekwisha shika njia ya kurudi kusini. Pengine wanafunzi watamhukumu kuwa ni baba mbaya; lakini katika nchi ambayo chakula chake chaweza kupungua kwa siku moja, mdomo mmoja uliopungua ni faida kwa waliobaki. Mama huatamia peke yake karibu siku 20.

Sasa turudi kwenye vidimbwi. Katika matope yake mna mabuu ya wadudu wasiohesabika: mbu, usubi, na wadudu wengine wafananao na mbu lakini wenye miguu mirefu sana. Maisha ya wadudu hao katika baridi huenda polepole mno. Huko Alaska, karibu na mji uliokuwa ukiitwa Barrow, ambao tangu mwaka 2016 huitwa Utqiagvik, walichunguzwa wadudu fulani wa jamaa ya usubi wasiouma. Ikaonekana ya kuwa buu hukaa katika matope ya kidimbwi miaka 7, kila mwaka huganda pamoja na matope na kila mwaka huyeyuka, ndipo apate mabawa. Na mabawa yenyewe huyatumia siku chache tu. Wote hutoka karibu wakati mmoja, joto la maji likifika kiasi chao, na kwa muda wa majuma machache hewa ya tundra hujaa wadudu kama moshi.

Kwa watu na wanyama mbu hao ni adhabu. Wako wanyama wafananao na kulungu, waitwao reindia, ambao majike yao pia huota pembe. Makundi yao makubwa huenda Taimyr wakati wa joto kuzaa na kula majani machanga, na Wanganasan, wenyeji wa rasi hiyo, zamani waliwavizia penye vivuko vya mito na kuwachoma kwa mikuki wakiogelea. Mbu wakizidi, reindia huacha malisho na kusimama wamesongamana juu ya viraka vya theluji iliyobaki, au juu ya vilima penye upepo, kusudi wapumzike.

Lakini kinda la kitwitwi huwaona mbu hao kuwa ni neema. Kinda hilo likiisha kuanguliwa na kukauka, huondoka kiotani siku ile ile na kujitafutia chakula kwa mdomo wake mwenyewe, mama hamlishi. Kazi ya mama ni kumchunga, na kumfunika kwa mwili wake baridi ikizidi, kwa kuwa kinda jipya haliwezi bado kujipasha moto. Na kwa kuwa hakuna usiku, laweza kula saa yo yote. Kwa siku kama 15 tu huwa limeota manyoya na laweza kuruka. Kinda la kuku kwa siku 15 lingali linamfuata mama yake uani.

Basi hesabu yenyewe ni hii. Mayai yapasuke wadudu wanapotoka kwa wingi, wala si kabla, wala si baada. Theluji ikichelewa kuyeyuka, mayai huchelewa, na makinda hukuta wadudu wamekwisha. Ukija upepo wa baridi toka bahari ya barafu katikati ya Julai, wadudu hujificha wasitembee. Kinda likitoka chini ya mama kutafuta chakula hupata baridi, na likikaa chini ya mama hupata njaa. Siku tatu nne za namna hiyo zaweza kuua makinda ya nchi nzima.

Hata hivyo baridi na njaa si maadui pekee, na hapa hadithi hugeuka, kwa kuwa mambo makubwa ya ndege hao hushikwa na mnyama ambaye wao hawamli wala yeye hawali wao. Huyo ni panya.

Panya wa tundra huitwa lemingi. Ni mnene, ana mkia mfupi na manyoya mengi, na masikio yake hayaonekani kwa urahisi. Wakati wa baridi halali usingizi mrefu kama wanyama wengine wa nchi za theluji, bali huishi chini ya theluji yenyewe. Theluji iliyo laini ni kama blanketi; juu yake upepo waweza kuua, na chini yake lemingi hupita katika njia zake, hula majani, hujenga viota vya nyasi na hata huzaa. Mwaka mmoja ukiwa mwema kwao na wa pili pia, huongezeka kupita kiasi, hata theluji ikiyeyuka huonekana wakikimbia kila mahali. Kisha hupungua ghafula, karibu kwisha kabisa. Kupanda na kushuka huko huchukua miaka 3 au 4, ndipo kuanze tena.

Mwaka wa panya wengi ni mwaka wa shibe. Bundi mweupe, ndege mkubwa mwenye manyoya kama pamba, hutaga mayai 7, hata 11, hali mwaka wa panya wachache hatagi hata moja. Mbweha mweupe naye huzaa watoto wengi, na kwa kuwa amezungukwa na panya hana haja ya kuhangaika na mayai ya ndege. Vitwitwi huatamia kwa amani.

Iko habari moja ya kufurahisha juu ya mabata bukini wadogo weusi, ambao hupitisha majira ya baridi katika pwani za Uingereza, Uholanzi na Ufaransa, na huzaa Taimyr. Mwaka wa panya hujenga viota vyao karibu na kiota cha bundi mweupe. Bundi huyo ni mkali; mbweha akikaribia makinda yake humshukia na kumpiga kwa makucha. Hivyo jirani wa bundi hupata mlinzi asiyelipwa. Pengine bundi hula bukini mchanga mmoja au wawili, lakini mbweha angaliwamaliza wote.

Mwaka unaofuata mambo huharibika. Panya wamekwisha, lakini mbweha waliozaliwa katika shibe wangaliko, tena wana njaa. Hutembea tundra yote wakinusa. Kitwitwi akimwona mbweha anakuja, hutoka kiotani na kukimbia chini-chini, amejikunyata, mabawa yakiburura, akilia kwa sauti nyembamba kama panya. Vitwitwi wa namna nyingi za kaskazini wana hila hiyo ya kujifanya panya, ili mbweha amfuate mama na kuyaacha mayai. Mwaka wa njaa hila haitoshi. Mbweha hula mayai hata ashibe, na yaliyosalia, hasa ya bukini, huyachukua moja moja kwa kinywa na kuyafukia katika udongo, ambao baridi yake huyatunza yasioze. Katika miaka kama hiyo makinda yanayopona huwa machache mno, na mabukini wazima hurudi Ulaya karibu bila watoto.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini basi ndege hawa hawazai Afrika, ambako wamekwisha zoea? Pwani ya Afrika hakuna wadudu wengi kwa mara moja kama wale wa tundra, na usiku huchukua nusu ya siku. Tena wala-mayai ni wengi zaidi katika nchi za joto. Katika Kanada wataalamu waliweka viota vya bandia vyenye mayai ya kware, tangu kusini hata kaskazini mwa mbali, wakatazama yatakayopotea. Mwaka 2010 walitangaza ya kuwa kadiri walivyokwenda kaskazini ndivyo mayai yaliyosalia yalivyozidi kuwa mengi. Basi safari ni ya hatari, lakini mwisho wake una faida.

Siku hizi faida hiyo inatikiswa. Nchi za kaskazini zinapata joto upesi kuliko sehemu nyingine za dunia, na theluji ya Taimyr huyeyuka mapema kuliko zamani. Yuko ndege mwingine wa jamaa hii, mkubwa kidogo kuliko kitwitwi, ambaye huzaa Taimyr na kupitisha majira ya baridi katika pwani ya Mauritania. Mwaka 2016 ilitangazwa ya kuwa miaka ambayo theluji iliwahi kuyeyuka, wadudu nao waliwahi kutoka, na makinda yake yakakosa chakula cha kutosha. Yakakua na miili midogo na midomo mifupi. Walipofika Mauritania, mdomo mfupi haukuweza kuwafikia chaza wadogo waliojificha ndani ya mchanga, na wengi wao walikufa mwaka wao wa kwanza. Nao lemingi wana shida yao. Mvua ikinyesha katikati ya majira ya baridi kisha ikaganda, ile blanketi laini hugeuka kuwa bamba la barafu, na panya hawafikii majani. Kaskazini-mashariki mwa Greenland baada ya mwaka 2000 kupanda na kushuka kwa lemingi kulififia, na bundi weupe wa huko wakaacha kuzaa kama walivyozoea.

Mwisho wa Julai mama wa vitwitwi huwaacha makinda yao, wakaondoka. Makinda hubaki peke yao katika tundra, wakiendelea kunenepa, hata mwezi wa Agosti, baridi inaporudi na vidimbwi kuanza kuganda ukingoni. Ndipo nao huruka kwenda kusini. Hakuna mkubwa wa kuwaongoza, wala hawajapata kuiona Afrika. Ujuzi wa njia wamezaliwa nao. Tangu Septemba hata Novemba hutokea katika fukwe zetu, na ajuaye kutazama huwatambua kwa vifua vyao vyenye rangi ya hudhurungi iliyopauka, na manyoya ya mgongoni yenye ukingo mweupe kama magamba ya samaki.

Mwezi wa Aprili wakubwa wakiondoka tena, wengi wa hao wadogo hawaendi. Hukaa pwani ya Afrika mwaka wao wa kwanza wote, katika manyoya yao ya kijivu, mpaka mwaka unaofuata. Kwa hiyo ndege wanaoonekana juu ya matope katika mwezi wa Juni au Julai, wakati ambapo wenzao wanaatamia Taimyr, karibu wote ni watoto wa mwaka uliopita. Wataalamu wa Afrika ya Kusini waliwahesabu katika miaka ya 1970 na 1980 katika wangwa wa Langebaan, kaskazini ya Cape Town. Miaka mingine walikuwa wengi sana, na miaka mingine karibu hawakuwapo. Walipoilinganisha hesabu yao na habari zilizoandikwa Siberia, waliona ya kuwa watoto walikuwa wengi pwani ya Afrika kila baada ya mwaka wa panya wengi katika Taimyr.